Kundekuku

Nyinyi mlioshika kamba za mbwa wa shamba la Utende baada yangu mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi hii. Haya, naandika, ila msitarajie habari za cheo wala ujira. Siku ya kwanza niliitwa mtunza mbwa na siku ya mwisho niliitwa mtunza mbwa, na ujira sitaki kuuzungumza nisije nikavunja kalamu ya watu. Nitaandika habari za mbwa, za watu walionifundisha mbwa, na za masanduku ya chakula chao, maana hapo ndipo mnapoharibu. Juzi nilimwona mmoja wenu anamwaga biskuti kavu chini, kama anatupia kuku mtama, na mbwa wanazing'ata huku ufizi unawatoka damu. Nilipita nikanyamaza kwa kuwa kazi nimeiacha. Leo sinyamazi.

Kazi yenyewe niliingia bila kuitaka. Nilikwenda shambani kuomba kibarua cha kupanda minazi. Mwenye shamba alikuwa Mdachi mrefu, mwembamba, ambaye jina lake lilitushinda sote tukamwita Bwana Miwani. Alinitazama miguu, akanitazama mikono, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha siku zile, "Wewe ogopa mbwa?" Nilikuwa kijana, nimezungukwa na vijana wenzangu wa Utende na wa Chole. Kijana gani angejibu ndiyo mbele ya watu? Nikasema, "Hapana, Bwana." Wenzangu wakapewa majembe. Mimi nikapewa kamba.

Niwaeleze kwa nini mbwa walikuwepo, maana nyinyi mmewakuta mkadhani ni mapambo ya Wazungu. Siku zile nguruwe mwitu walikuwa wamejaa kisiwa kizima. Walichimba mihogo, walitafuna minazi michanga, na hakuna wa kuwagusa. Sisi nyama yao hatuli, na mbwa wa kuwafukuza hatuwafugi, kwa hiyo nguruwe wa Mafia alistarehe kuliko sultani. Bwana Miwani alipoona mistari mizima ya minazi yake imelazwa chini, aliagiza mbwa. Walikuja na meli, wakashushwa Chole, wakavushwa ghuba hadi Utende, na watu walisimama mbali na pwani kuwatazama wakishuka.

Aliyekuja nao ndiye mwalimu wangu, Mzee Sururu. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa ametembea bara na Wadachi miaka mingi, akiwatunzia mbwa wao wa kuwindia. Kidachi chake kilikuwa maneno machache, na aliyatumia yote kila siku, kwa watu, kwa mbwa, na mara moja nilimsikia akimwambia punda. Lakini mbwa aliwajua. Siku ya kwanza alinipeleka bandani, akanionyesha lundo la mavi, akaniuliza, "Unaona nini?"

"Mavi, mzee."

"Hujaona kitu. Rudi tena."

Alinirudisha mpaka nikajua kutofautisha mavi magumu na mororo, meusi na ya njano, machache na mengi, na kila moja lina habari gani. Alisema mbwa hana ulimi wa kulalamika, kwa hiyo anaandika barua kila asubuhi na wewe kazi yako ni kuisoma. Baada ya mavi, nywele. Baada ya nywele, ufizi, ambao unatakiwa uwe mwekundu wa kung'aa. Macho alisema tuyaache mwisho, kwa sababu mbwa ni mwongo wa macho. Hata ameshiba, atakutazama kama yatima.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa nywele. Mke wangu, Bi Mwanakheri, wakati huo tulikuwa hatujamaliza hata mwaka katika ndoa, alisikia harufu kabla hajaniona.

"Simama hapo hapo," akasema kutoka ndani. "Umegusa nini?"

"Nimepata kazi."

"Nimekuuliza umegusa nini."

Nilipomwambia, hakupiga kelele. Alitoa ndoo ya maji na kifuu cha udongo, akaviweka nje ya mlango. Nikaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, yeye amesimama anahesabu kwa sauti ili majirani nao wasikie. Kifuu kile cha udongo kilikaa mlangoni siku zote nilizofanya kazi. Mikono yangu ilikuwa safi kuliko mikono ya mtu yeyote Utende, na bado kwenye karamu walinisogezea sinia la peke yangu.

Sasa masanduku. Yalikuwa ya mbao, na ndani yamepigwa bati na kuchomelewa ili hewa na maji visiingie. Bwana Miwani aliagiza ya namna mbalimbali, maana alitaka kujua lipi linafaa nchi ya joto, akatugawia mbwa: hawa wale hili, wengine wale lile, kisha tumwambie tunachoona. Kazi hiyo tuliifanya kwa moyo kuliko alivyotarajia. Mzee Sururu alikuwa akibishana na masanduku kama mtu anayebishana na wakwe.

Namna ya kwanza ilikuwa biskuti za mraba, nene kama kidole gumba, za rangi ya hudhurungi, na ukizivunja ndani unaona nyuzi nyeusi za nyama kavu. Hizi ndizo zilizokuwa bora. Harufu yake ni ya ngozi iliyokaa juu ya moshi. Mbwa wanaozila walikuwa na nywele laini zenye mng'ao, mavi machache na magumu, na wanakimbia asubuhi yote bila kulala njiani. Ila lazima zivunjwe kwa mchi, ziloweshwe maji ya vuguvugu mpaka zilainike, hasa kwa mbwa mzee. Ukimpa kavu, anakunywa maji baadaye, zinavimba tumboni, na usiku kucha hulali kwa kumsikia anavyoguna.

Namna ya pili zilikuwa nyeupe, nzuri kutazama, zimepigwa chapa ya kichwa cha mbwa anayecheka. Hizo zilikuwa unga mtupu. Mbwa alikula akashiba upesi, tumbo likawa kubwa na mbavu zikabaki zinahesabika. Alijikuna, nywele zikamtoka mgongoni, na mavi yake yalikuwa mengi kiasi kwamba Mzee Sururu aliapa kuwa kinachotoka ni kingi kuliko kilichoingia. Alichukua biskuti moja akaila mwenyewe mbele yangu, akatafuna, akafikiri. "Hii ni ya kuwadanganya wenye mbwa," akasema, "siyo ya mbwa." Mpaka leo mkiona mbwa anayecheka kwenye sanduku, mwambieni bwana wenu alirudishe.

Namna ya tatu zilikuwa ndogondogo, laini, za watoto wa mbwa. Zilitiwa unga wa mifupa, na pamoja nazo ilikuja chupa ya mafuta ya ini la samaki wa Ulaya. Waliokula hizo miguu yao ilinyooka. Waliokosa walipinda magoti wakatembea kama mabaharia wazee. Chupa ilipokwisha mimi ndiye niliyemwambia Mzee Sururu tujaribu sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo watu hupaka vyombo vyao. Tone moja kwa mtoto mmoja. Lilitenda kazi vilevile, ila banda zima lilinuka kama jahazi lililopandishwa pwani kutengenezwa.

Na chakula chote hiki, bora na kibaya, Bwana Miwani alikiita kwa neno moja la kwao. Lilikuwa limeandikwa pia juu ya masanduku. Kinywani mwake lilisikika kama hunde-kukheni. Siku ya kwanza nilipolisikia nilimuuliza mwalimu wangu maana yake, naye hakusita hata kidogo.

"Kundekuku," akasema. "Husikii? Kunde na kuku. Wanasaga kunde, wanakausha kuku, wanachanganya, wanaoka. Zile nyuzi nyeusi unadhani ni nini?"

Nilitazama nyuzi. Zilifanana na kuku kabisa. Na unga, ukishaambiwa ni wa kunde, unanusa kunde. Nikalipokea neno hilo nikalitumia, na shamba zima likalitumia, wapanda minazi, wapishi, hata wavuvi wa Bwejuu waliotuletea samaki wa kuuza. "Mbwa wenu wanakula kunde na kuku," walituambia kwa uchungu, "na sisi tunakula muhogo."

Sasa niwaambie habari ya Senta. Alikuwa mbwa jike, wa rangi ya majani makavu, kifua kipana, sikio moja limechanika. Ndiye aliyeongoza wenzake. Asubuhi moja huko nyuma ya shamba, nguruwe dume alitoka kichakani akanijia mimi badala ya kukimbia, nami nikateleza nikaanguka chali. Senta aliingia katikati. Alipasuliwa paja mpaka mfupa ukaonekana, na hakuachia. Mzee Sururu alimshona kwa uzi wa nyavu huku mimi nimemshika kichwa, naye akinilamba mkono, ule mkono niliokuwa nauosha mara saba. Nilimpenda mbwa yule. Naandika wazi, mwenye kucheka na acheke.

Mwaka uliofuata Senta alipata mimba, na siku hizo hizo mke wangu naye alikuwa mjamzito. Bi Mwanakheri hakupenda nilivyozitaja habari hizo mbili kwa pumzi moja. Alijifungua salama mtoto wa kike, tukamwita Zuhura, na akaingia katika arobaini yake. Nyinyi mnajua mzazi anavyotunzwa: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kunde za nazi, maziwa yashuke. Mama mkwe alileta kuku, shangazi wakaleta kuku, ua wetu ukajaa kuku waliofungwa miguu.

Wakati huo ndipo Bwana Miwani alipoanguka homa. Ilimshika vibaya hata ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam kwa meli iliyokuwa inasubiri Chole. Tulimbeba kwenye kiti mpaka pwani. Alikuwa anatetemeka, miwani imemshuka puani, lakini alimshika Mzee Sururu mkono.

"Senta zaa karibuni," akasema. "Hundekuchen tu! Hapana samaki, hapana wali, hapana muhogo. Hundekuchen tu!"

Alikuwa na sababu. Mbwa dume, aliyekuwa mume wa Senta, alikufa kwa mwiba wa samaki kolekole uliomkwama kooni, na tangu hapo Bwana Miwani hakutaka mbwa apewe chochote ila cha sandukuni. Tukaapa. Mashua ikaondoka, naye bado anainua kidole kimoja kutukumbusha.

Senta alizaa siku chache baadaye. Tulikuwa tumebakiwa na sanduku moja, la zile biskuti nzuri za nyama. Tulipolipasua, bati lilikuwa limeliwa na kutu pembeni, maji ya bahari yameingia njiani, na biskuti zote zimeota ukungu wa kijani. Mzee Sururu alitafuta zilizo salama katikati, akaloweka, akampa. Senta alikula kwa heshima akatapika. Kesho yake hakula kabisa. Siku iliyofuata chuchu zake zilikuwa zimelegea, na watoto wake walikuwa wanalia ule mlio mwembamba wa mtoto anayenyonya asipate kitu. Mmoja akafa asubuhi. Ufizi wa Senta niliufunua nikaukuta mweupe kama kitambaa.

Tulikaa mlangoni mwa banda, wazee wawili, ingawa mimi mzee sikuwa. Nikasema, "Tumpe samaki. Tutoe miiba yote."

"Tumeapa," akasema Mzee Sururu.

"Tumpe wali."

"Tumeapa. Kasema kundekuku tu."

"Kundekuku imeoza!"

Kisha nikaona uso wake unafunguka polepole. "Imeoza ya Ulaya," akasema. "Kwani Mafia hakuna kunde? Hakuna kuku?"

Kunde zilikuwepo tele. Kuku ndio ulikuwa mtihani. Nilizunguka Utende nyumba kwa nyumba, na kila mwenye kuku aliponiuliza wa nini, nilimwambia kweli, na kila aliyeambiwa alifunga mlango. Mtu mmoja alinifuata mpaka njiani kunieleza kuwa kuku huchinjwa kwa jina la Mungu, na kumchinja kwa ajili ya mbwa ni kufanya mzaha na jina hilo. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikaosha mara saba, nikakaa kizingitini, na nadhani nililia, maana Bi Mwanakheri alitoka na mtoto kifuani akanisimamia.

"Amekufa?" akauliza.

"Bado."

"Ana nini?"

"Maziwa yamekauka. Watoto wanakufa."

Zuhura alikuwa ananyonya, nasikia anavyomeza. Mke wangu alimtazama mtoto, akatazama ua uliojaa kuku wake, akatazama tena mtoto.

"Mbwa ni najisi," akasema. "Hilo halibadiliki."

"Najua."

"Ila huyo ni mzazi."

Nilimweleza maneno ya yule mtu wa njiani, kuhusu jina la Mungu. Akakunja uso akifikiri, kisha akasema, "Chinja yule mwekundu. Utakuwa umemchinja kwa ajili yangu mimi, mzazi, na supu bakuli la kwanza nitakunywa mimi. Kilichobaki ni makombo yangu. Makombo yangu nitampa nimtakaye, na asiyetaka aje aniulize mwenyewe." Hakuna aliyekuja kumuuliza. Nami nimekaa na wanachuoni wengi tangu siku ile, na sijasikia fatwa iliyonipendeza zaidi.

Alipika mwenyewe, huku ananiamuru kutoka jikoni. Kunde zililowekwa, zikachemshwa, zikamenywa maganda, zikapondwa. Kuku alichemshwa mpaka nyama ikaachana na mifupa, na mifupa yote nikaitoa kwa vidole, kipande kwa kipande. Akataka kutia pilipili manga. Mzee Sururu, aliyekuwa amesimama nje ya ua kwa adabu, akapiga kelele, "Pilipili hapana, binti yangu! Pua ya mbwa haivumilii! Na chumvi usitie!"

"Mzazi gani anakula bila pilipili?" akajibu Bi Mwanakheri, lakini akaacha. Alitia tui la nazi kidogo, akapakua katika chungu cha zamani kilichopasuka mdomo, akanitoa nje, akanikabidhi juu ya ua bila kunigusa. "Chungu hicho kisirudi humu ndani," akasema.

Nilimpelekea Senta. Alinusa. Alinitazama, na wakati huo sikumwona mwongo wa macho. Akalamba mchuzi, akapumzika, akalamba tena. Sikumharakisha. Jua lilipokuwa linakaribia kuzama alikuwa amefika chini ya chungu na anakisukuma kwa pua kwenye ukuta. Hakutapika. Mzee Sururu alitamka maneno yake yote ya Kidachi mfululizo.

Kila siku tukapika. Kuku walipopungua, Bi Mwanakheri aliwatumia ndugu zake salamu kuwa mzazi bado ana njaa, nao wakaleta wengine. Mama mkwe alikuja na jogoo mikononi, akakuta mifupa jalalani, akafurahi sana. "Binti yangu anakula!" aliwaambia wanawake wa Utende. "Sijaona mzazi anayekula hivi!" Mke wangu aliinamisha kichwa akasema alhamdulillahi. Maziwa ya Senta yalirudi, ufizi ukarudi rangi, na wale watoto waliosalia wakanenepa mpaka wakawa wanaviringika badala ya kutembea.

Bwana Miwani alirudi amepungua nusu, na masanduku mapya. Kabla hajakaa alikuja bandani. Alimkuta Senta anang'aa, watoto wanamkanyaga. Alipiga magoti, akapasua sanduku mwenyewe, akamtolea biskuti moja ya nyama, ile bora. Senta aliipokea kwa adabu, akaenda nayo mpaka nyuma ya mnazi, akachimba, akaifukia.

"Kwa nini?" akauliza Bwana Miwani. "Amekula nini?"

Mzee Sururu alisimama wima. "Kundekuku, Bwana. Kama ulivyoagiza. Ile ya sanduku iliharibika, tukapika wenyewe."

"Pika? Pika namna gani?"

Nikamletea chungu. Kilikuwa na mabaki ya asubuhi. Alichovya kidole, akaonja, akauliza hiki nini, nikamwambia kunde. Na hiki? Kuku. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akatueleza, polepole, kwa Kiswahili chake: kipande cha kwanza cha neno lile, kwa lugha yao, ni mbwa. Cha pili ni kama mkate wa sherehe, andazi. "Andazi la mbwa," akasema. "Basi. Kuku hapana. Kunde hapana." Halafu kicheko kikamshika, kikachanganyika na kikohozi cha ugonjwa wake, miwani ikaanguka ndani ya chungu, na Senta akailamba.

Mzee Sururu hakucheka. Alingoja Bwana anyamaze, akaniambia pembeni, "Hicho ni Kidachi cha kwao. Mimi nilijifunza kile cha Tanga."

Msiniulize nilimwambiaje mke wangu. Nilimwambia tu. Alikuwa anapepeta mchele, akauacha ungo hewani. "Kwa hiyo haikuwa kuku," akasema. "Jogoo wa mama. Yule mwekundu. Wote wale. Ni andazi?" Nikasema ndiyo. Niliona mabega yake yanatikisika nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka Zuhura akaamka. Siku ya pili Bwana Miwani alikuja kumshukuru, akasimama nje ya ua kwa adabu kama Mzee Sururu alivyofanya, akamletea zawadi. Ilikuwa sanduku zima la biskuti. Bi Mwanakheri alilipokea kwa maneno mazuri, akalitoa biskuti zote, akalisugua mara saba, na hilo ndilo tunalowekea unga mpaka leo.

Miaka ikaenda. Mzee Sururu alirudi kwao Bagamoyo, akaniachia mchi wake wa kuvunjia biskuti na amri ya kutomwamini Mdachi yeyote katika tafsiri. Mchi ndio huo mlionao bandani, msiutwangie kisamvu. Senta alizeeka, akawa analala juani siku nzima, na asubuhi moja hakuamka. Nilipomwambia Bi Mwanakheri, alisema innalillahi, kisha akajiziba mdomo kwa khanga akaniuliza kama imeruhusiwa kusemwa kwa mbwa. Nilimjibu sijui. Sijamuuliza mwalimu wa chuo, na sina nia ya kumuuliza.

Siku hizi masanduku yanayokuja ni ya aina nyingi kuliko zamani, na mnaniuliza lipi bora. Tazameni ndani, siyo picha. Mkivunja mkaona nyuzi za nyama, chukueni. Mkiona unga mtupu, mjue mnalipia tumbo la bure, ongezeni nyama wenyewe. Bati likiwa na tone la kutu, fungueni lote mpaka chini kabla hamjampa mbwa hata kipande. Lowesheni. Watoto wapeni sifa tone moja, msizidishe. Na kila asubuhi someni barua.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini jana jioni Mbaraka, ambaye ameshika kazi yangu na nyote mnamjua kwa maneno yake machache, alikuja akasimama nje ya ua wetu, anasugua mguu mmoja kwa mwingine. Alisema kijukuu wa Senta, yule mwenye kifua kipana, amezaa tangu juzi, na biskuti hazitaki.

"Mimi nimeacha kazi," nikamwambia. "Magoti yangu hayafai. Mwambie Bwana."

"Nimemwambia. Ameniambia nije hapa."

Nikafungua mdomo nimjibu. Kutoka ndani, ambako hakuna aliyemuuliza, ikaja sauti ya Bi Mwanakheri.

"Kazaa wangapi?"

Mbaraka akamjibu. Kisha nikasikia kunde zinamwagwa kwenye ungo, na mke wangu ananung'unika kwamba mbwa ni najisi, na kwamba nyumba hii haijawahi kupata raha, na kwamba chungu kitakachotoka kisirudi. Nilimwambia Mbaraka aniletee kifuu cha udongo hapa mlangoni. Nikainuka, nikashika fimbo, nikatoka uani kukamata kuku.